Jiko la Luchelele

Luhende alitandaza ramani juu ya boneti ya gari,
akaibana pembe nne kwa kokoto,
upepo wa ziwa usije ukaijenga nyumba kabla yetu.
"Hapa jiko," akasema. "Mtindo usiopitwa na wakati.
Marumaru, makabati meupe,
na katikati, kisiwa."

Mama, mzaliwa wa Ukara,
alicheka mpaka kitenge kikamlegea.
"Kisiwa? Nimetoka kisiwani na bakuli moja
na mdogo wangu mgongoni,
leo mnanirudishia kisiwa jikoni?
Kina gati? Kina ng'ombe?"

Luhende akacheka naye, kwa adabu,
kisha akalionyesha lile jiwe.
Lilikuwa limelala palepale penye jiko,
kama kiboko aliyeshiba, mgongo wa kijivu,
nusu yake ardhini, na nani ajuaye nusu hiyo inaishia wapi.
"Tutalichoma," akasema fundi Mhoja.
"Magogo ya usiku mmoja, alfajiri maji baridi,
kisha nyundo. Siku nne, limekwisha."

Mama akanyamaza.

Kimya hicho nakijua.
Miaka kumi na saba, kando ya barabara ya Igogo,
alikaa juu ya gunia, mguu huku, mguu kule,
akipasua mawe, ndoo kwa ndoo.
Ada yangu ilihesabiwa kwa ndoo.
Muhula wa kwanza: mia mbili na arobaini.
Sare na viatu: thelathini, na ukucha wa kidole gumba
ambao haukuota tena sawasawa.
Maghorofa ya mji huu, sijui mangapi,
yana kokoto zake ndani ya zege,
na hakuna hata moja alilokaribishwa chai.

"Nimepasua ya kutosha," akasema.
"Hili liacheni lilale."

Basi ramani ikakunjwa, ikachorwa upya.
Ukuta ukapinda kiuno, ukapita juu ya jiwe,
nusu nje juani, nusu ndani.
Dirisha tulilipima kwa mama mwenyewe:
alikaa juu ya jiwe, ungo mapajani,
tukavuta kamba toka jicho lake hadi majini,
na kamba ilipogusa ukuta, Mhoja akatia alama ya mkaa.
Liko chini mno, wageni warefu huinama
ili waone maji.
Waache wainame.

Sinki limefuata kiwiko chake.
Mlango wa nyuma una wavu mwembamba,
kwa siku zile wadudu wa ziwa wanaponyanyuka kama moshi
na kuizima taa ingali inawaka.
Kuhusu gesi tulibishana wiki mbili.
Alishinda nusu: mtungi ndani,
mafiga matatu nje, chini ya bati,
maana ugali wa udaga, anasema,
hausongwi juu ya moto wa buluu.
Kabati moja bado halifungi. Mhoja ameahidi Jumamosi,
hakusema ya mwezi gani.

Sasa yapata mwaka.
Juu ya jiwe pana mahali palipoanza kung'aa,
upana wa mtu aliyekaa.
Asubuhi huchambulia mchele hapo,
jioni sato huparuliwa magamba hapo,
na mjukuu wake, Sayi, hukokotoa hesabu kwa chaki mwambani;
jibu likikataa, hulifuta kwa kitambaa cha vyombo.
Usiku jiwe bado lina jua ndani yake.
Paka alilijua hilo kabla yetu.

Juzi Luhende alipita na wateja wapya,
mume na mke, viatu vyao mikononi.
Aliwaonyesha dirisha, sinki, ule ukuta uliopinda,
alipofika kwenye jiwe akakosa jina.
Si meza. Si kaunta. Akabaki amenyoosha kidole.

"Kisiwa," mama akamsaidia,
mikono yake ikiwa na unga,
akasogea kidogo,
kuwapa nafasi.