Jina Juu ya Jina

Meza yangu ya saa haizidi upana wa sinia.
Ipo ubavuni mwa duka la vipuri la Salumu Nambaya, Lindi mjini,
na saa siku hizi haziji. Watu wanatazama simu.
Basi kibano kimepata kazi nyingine,
lenzi imepata kazi nyingine,
na benzini ya kusafishia magurudumu
naimimina nusu kifuniko kwenye kisahani cheusi.

Ponsiana Chitanda alileta saa ya marehemu baba yake,
mpokea mifuko ya barua misheni ya Ndanda.
Kutu imekula hadi moyoni. Elfu nane hakuwa nayo.
Akaacha kopo la biskuti.
"Takataka za Ulaya. Lakini mzee alilalia jirani nalo."

Nikachambua stempu kama korosho za mnada:
daraja la kwanza, daraja la pili, zilizotobolewa na wadudu.
Ndipo nikamwona yule mwanamke,
taji kichwani, dirii ya chuma kifuani,
Mjerumani, jina la dola yake limeandikwa,
na juu ya karatasi ileile mtu kagonga, kwa wino mweusi,
DANZIG.

Nikadhani ni karani. Karani aliyechoka
akaamua kujisaini.

Mwalimu Chinduli alifunua ramani ya shule, hakupaona.
Alirudi Ijumaa akihema: "Ni mji! Ulikuwa nchi.
Miaka kumi na tisa, haikutimia ishirini.
Mji na viunga vyake, bendera yake, pesa yake, posta yake."
Na sasa?
"Sasa una jina jingine na wenyewe wengine."
Tukanyamaza. Pikipiki ikapigwa kiki, ikagoma.
"Fikiri," akasema, "Lindi iamke kesho ni nchi,
mpaka wake Mingoyo. Tungechora nini kwenye stempu?"
"Chumvi," nikajibu bila kufikiri.
Yeye alitaka mjusi wa Tendaguru.
Nikamwambia mjusi yuko Berlini, Mwalimu,
tutamchoraje bila kuomba ruhusa?

Usiku nalaza stempu kifudifudi katika benzini.
Karatasi inakuwa giza, na gizani
linatokea sega, vyumba vya nyuki, safi,
nahesabu moja, mbili, tatu,
benzini inapaa, sega linarudi lilikojificha.
Meno ya ukingoni nayahesabu kwa rula:
kumi na manne kwa kila sentimeta mbili.
Moja imegongwa milioni. Barua moja, milioni!
Nikamhurumia mwenye kuandika salamu ndefu.

Zenye jina lile ninazo nne. Mbili za uongo.
Nilijua kwa wino:
jina limelala juu ya muhuri wa posta,
yaani barua ilikwenda, ikafika, ikasomwa,
ndipo mlaghai akaja na neno lake.
Ya kweli, muhuri hulala juu ya jina.
Kwanza unaitwa, kisha unasafiri.

Hapo nikaweka kibano chini.

Bibi yangu aliniita Nang'oto.
Nikiwa na umri wa kwenda peke yangu kisimani,
nikishaijua njia ya Nyangao na ya kurudi,
Padri akanigonga Fulgensi.
Kitambulishoni wameandika Fulgence, herufi ya mwisho imefifia.
Nikajitazama kwenye kioo cha saa ya Ponsiana
nikitafuta wino upi uko juu.

Zile za uongo sikuzitupa.
Nimeziweka ukurasa wao, bila maelezo.

Ponsiana alipita jana. "Zina bei?"
"Zote pamoja hazinunui mkanda wa saa."
Akacheka, akaomba moja, yule mwanamke mwenye dirii,
ambandike ndani ya Biblia.
Nikampa ya kweli.
Saa ya baba yake inatembea. Inachelewa dakika sita kwa siku.
Nimemwambia airekebishe asubuhi, kabla ya kuoga,
na asilowanishe.