Kwa Atakayeinunua Nyumba Hii

Dalali amekupa funguo, na karatasi za tanuri,
na namba ya fundi wa paa.
Mashine ya kukata nyasi hakuiandika popote.
Imo bandani, nyuma ya ngazi, nyekundu
pale rangi isipobanduka. Ni yako.
Nimekaa juu ya ndoo nikikuandikia, vidole vimekufa ganzi;
Oktoba ya Saskatchewan haikopeshi.

Kwanza waya. Kabla ya lolote, waya wa plagi:
uchomoe, uukunje, uuweke mbali na plagi yake
kama watoto wawili waliopigana kanisani.
Usiniambie "imezimwa." Kuzimwa si kufa.
Kisu ukikizungusha kwa mkono, injini nayo huzunguka,
na tone moja la petroli lililosahauliwa
laweza kuikumbuka kazi yake.

Orest aliyajua hayo. Alitengeneza treni miaka thelathini na mmoja.
Jumamosi moja, wageni wa ubatizo wako njiani,
nyasi mbichi zimegandamana chini ya bati,
akasema, "Dakika moja tu, Halyna."
Chanda chema huvikwa pete.
Pete niliiona mimi, Jumanne,
nikikwangua nyasi zilizokauka kwa kijiti.
Kijiti, umesikia? Si mkono.

Sikutishi. Tuendelee.

Petroli: iache injini inywe mpaka ikohoe, inyamaze,
nje, upepo unapopita.
Kisha ngoja ipoe. Nenda kanywe chai, na kikombe cha pili.
Iliyobaki koponi usiipeleke chini ya nyumba:
kule tanuri lina kimoto kisicholala majira yote ya baridi,
na mvuke wa petroli hutambaa sakafuni
kama paka anayetafuta joto.

Ukiilaza, chujio la hewa litazame mbinguni.
Nilikosea mwaka ule wa kwanza baada ya mazishi;
chujio likanywa oili, na ilipofika Mei
ikafuka moshi mweupe hata Bwana Thorvaldson
akavuka barabara na ndoo ya maji,
amevaa viatu viwili visivyofanana.

Kisu kikabe kwa kipande cha ubao kisizunguke.
Glavu ni zile za ngozi, kubwa; zitakutosha au hazitakutosha.
Tupa imetundikwa msumari wa tatu. Tupa hiyo usiitupe:
baba yake alishuka nayo melini, na mkate nusu.
Noa kwa kuufuata mshazari wa zamani, kidogo huku, kidogo huku,
halafu kipitishe kisu kwenye msumari, kwa tundu la katikati.
Upande unaoshuka ndio mzito. Rudi upande huo.
Orest alikuwa akisimama hapa akingoja kitulie,
mkono wa vidole vinne mfukoni,
hata pasipokuwa na mtu wa kumtazama ila mimi.

Mpini ukunje taratibu, usibane nyaya.
Funika kwa shuka, si kwa nailoni; nailoni hutoa jasho.
Panya watakuja. Huja kila mwaka. Weka mtego.
Kama una watoto, banda lina kufuli, na ufunguo mdogo
uko juu ya fremu ya mlango, mahali nilipolazimika kupandia kiti.

Ninakohamia, Regina, ni ghorofa ya nne.
Binti yangu anasema hata maua ya chunguni hawayaruhusu.
Hata hivyo najijua. Kuna usiku nitaamka
nikiuliza, waya, niliuchomoa au sikuuchomoa?
Kwa hiyo nimeinuka kwenye ndoo sasa hivi
nikaenda kutazama tena, kwa tochi.

Umechomoka.
Usiurudishe mpaka Mei.