Moja ya Mhina

Jumanne, Darasa la Pili B, Makorora.
Ubaoni nimepanga arobaini na saba,
chini yake thelathini na nane,
mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi.
Mstari nimeupiga kwa ukingo wa daftari la mahudhurio
maana rula imeazimwa na Darasa la Nne,
na la Nne halirudishi.

Mhina kajibu: mia saba na kumi na tano.
Kaandika kwa mwandiko safi, hana wasiwasi.
Saba na nane, kumi na tano: kaiweka yote.
Nne na tatu, saba: kaiweka.
Kila hatua yake kweli,
jumla yake ndiyo uongo.

Ningeweza kusema kama nilivyoambiwa mimi:
andika tano, beba moja, usiulize inakwenda wapi.
Nami sikuuliza. Nilibeba miaka saba
bila kufungua nikaona nimebeba nini.

Basi nikachukua ufagio wa darasa,
ule wa chelewa, nikaukata kamba.
Watoto wakashangilia, mwalimu kavunja sheria!
Hesabuni kumi, nikasema, fungeni kwa uzi wa mkonge.
Vitita vikae dirishani,
chelewa mojamoja zikae mlangoni,
na mlangoni hazikai zaidi ya tisa.
Ya kumi ikija, zote zinafungwa, zinahama,
kama kaya inayotoka Barabara ya Tatu kwenda ya Kumi na Moja:
watu kumi, mkokoteni mmoja.

Mwanamvua alikaza fundo kwa meno.
Zimebaki ngapi mlangoni? Tano!
Vitita vingapi dirishani? Nane!
Mhina peke yake kanyamaza, macho ubaoni,
pale nilipoiandika ile moja juu ya nne,
ndogo, pembeni,
kama deni la dukani ambalo mtu hataki mkewe alione.

"Mwalimu, hiyo si kumi?"
Ni kumi.
"Sasa mbona umeiandika ndogo kuliko zote?"

Kengele ikalia. Sijawahi kuipenda kengele vile.
Mwalimu Mkuu akauliza ufagio uko wapi,
nikamwambia umekuwa hesabu.
Hakucheka.

Usiku, chaki ingali kwenye kucha,
madaftari sitini na mbili mezani, chai imepoa.
La Mhina halina jalada, ndivyo nilivyolijua.
Themanini na tano.
Na juu ya nne kasimamisha moja
ndefu, nene, imekatiza mistari mitatu,
imepanda mpaka kwenye tarehe.

Nikashika kalamu nyekundu, nikatafuta kosa.
Nikatafuta tena.
Nikatia vema,
kisha nikairefusha mkia
isije ikaonekana ndogo mbele ya ile moja.