Sahani ya Vileja

Usiseme konokono tu, Haitham ananiambia,
ana jina lake la kitabuni.
Mimi nilimjua kabla ya kitabu.
Nilifika Birkati Mauzi mwezi wa baridi,
na sanduku la bati na Kiarabu cha kuombea tu,
nikakaa ukingoni mwa falaji, nikatia miguu.
Visamaki vikaja kunidonoa visigino,
na yeye alikuwa pale, ameng'ang'ania ukuta,
mwembamba, wa rangi ya kahawa iliyomwagika,
kama mnara wa msikiti uliolazwa na mtoto.
Sikuwa na wa kusema naye.
Nikasema naye.

Chakula chake ni ule utelezi
tunaousugua kwa ufagio na kuulaani.
Mlango anao mmoja, kigamba cheusi;
jua likimkuta nje ya maji huufunga,
akakaa ndani na tone alilobaki nalo.

"Wote majike, Bi Muhaina," Haitham alisema,
macho ameyaelekeza kwenye daftari.
"Wanazaa bila dume, tena wanazaa watoto wazima."
Nilicheka mpaka nikaushika mtende.
Mtende huu, na urefu wake wote,
kila mwaka hungoja mtu apande
kumletea chavua ya mume kwa mkono.
Na huyu wa chini, asiyefika hata fundo la kidole!
Nyumba yetu ya Wete ilikuwa hivyo:
bibi, mama, mimi.
Watu wakiuliza ni kwa nani hapa,
tulitaja jina la mtaa.

Mwaka jana, pale ngazi ya kwanza ya mgawanyo wa maji,
Haitham alihesabu mia mbili na kumi na wawili.
Mwaka huu, thelathini na tisa.
Huko juu wamechimba visima vya pampu;
zamu yangu ya nusu saa
sasa haifiki kwenye shina la mwisho la ndimu.

Jumatatu wakafunga maji wasafishe.
Tope likarundikwa kando kwa koleo,
na ndani ya tope, minara, minara,
yote imefunga milango.
Arifu wa falaji akapita: "Bibi, huo ni uchafu."
"Na mimi niliitwa hivyo bandarini," nikamjibu,
kwa Kiswahili, asisikie.

Nilimchukua mmoja. Ndoo ingenishinda, magoti haya.
Nikamweka sahanini, na maji ya birika yaliyopoa.
Siku ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya. Nikabadilisha maji.
Ya tatu nilimsahau, nilikuwa nakanda.

Leo alfajiri nimevaa miwani:
mlango wazi, pembe mbili nyembamba kama uzi,
na nyuma yake ufuta.
Ufuta sita.
Ufuta unatembea.

Sahani hiyo ni ya vileja.
Idi ni keshokutwa.