Mita Mbili na Robo

Nilimlipa Bi Irmtraud yuro kumi na nane,
akanirudishia mbili, "za tiketi ya basi,"
ingawa aliniona nimekuja kwa baiskeli.
Wanaosema ya kale hayanuki
hawajafungua kisanduku chake:
tumbaku, kafuri, ngozi iliyolala kabatini
tangu mpaka ukiwa bado na bunduki.
Ndani yake, lenzi. Nzito kama yai la chuma.
Kiwanda kilichoizaa sasa ni maegesho ya magari,
ng'ambo ya reli, hapa hapa Görlitz.

Nyumbani niliimulika kwa tochi.
Kuvu imeanza kutambaa ukingoni, nyuzi nyeupe,
na kiputo kimoja kimenaswa ndani ya kioo,
pumzi ya tanuri iliyokwisha zimwa.
Niliifunga kwenye kamera yangu kwa adapta
iliyokuja kwa posta, ndani ya bahasha, kama barua.
Kamera ikauliza: lenzi iko wapi?
Haikuitambua. Hakuna waya wa kuzungumzia,
hakuna ule mlio wa nyuki mdogo
unaonitafutia jicho la mtu kabla sijalitaka.
Nyamaza, nikaiambia, leo nazungusha mwenyewe.

Ukizungusha, dunia haiji mara moja.
Kwanza ni uji.
Kisha mti unajivuta kutoka ndani ya mti,
tawi linapata makali,
ukizidisha kidogo limekwenda zake,
unarudi, unapitiliza tena, unarudi,
kama mlevi na tundu la ufunguo.
Nilipiga picha mia mbili kando ya mto Neisse.
Mia na tisini zilikuwa uji.
Bata mmoja alitoka vizuri, mkiani tu.

Ndipo nikaiona nukta.
Kwenye pete, kati ya mbili na tatu,
tone la rangi ya kucha, jekundu, limevimba,
mbali na ile nane iliyolala chali
inayosimama badala ya milele.
Nusura nilikwangue.
Nikampigia simu kwanza.

"Usiguse," akasema. "Hiyo ni mimi."

Meza namba sita, miaka kumi na tisa,
alipaka wino mweusi kingo za vioo.
Ewald wake alikuwa na jicho moja bovu,
na hilo zima halikuwa la kujivunia.
Basi akampimia kwa utepe wa cherehani
kutoka jikoni hadi kiti chake cha mezani,
akadondosha tone pale,
ili kidole kione jicho linaposhindwa.
"Alinipiga kwa umbali huo huo maisha yote.
Nikikata vitunguu. Nikiwa na mimba. Nikiwa nimenuna.
Siku nilizotaka kumkomoa, nilisogea."
Picha zenyewe? Mwanawe alizitupa
walipohama ghorofa, pamoja na zulia lililooza.
Alilisema hilo kama anayesoma risiti.

Jumapili nilikwenda.
Jiko ni jingine, limewekwa pale pale.
Nikaliegemea, nikafumba macho,
nikazungusha hadi kidole kikajikwaa.
Nikapiga.
Kwenye skrini nikakuza: uso wake, ukungu wa maziwa,
na nyuma yake, bayana hadi uzi wa mwisho,
koti la mvua la mwanamume, kwenye msumari.

Ni adapta, nikaanza kueleza, imechongwa nyembamba,
imepungua unene wa unywele tu,
basi inasukuma kila kitu nyuma,
ngoja nizungushe kidogo...

"Usizungushe."
Akashika kingo za kiti, akajisukuma nyuma,
miguu ya kiti ikilia juu ya vigae,
sentimita, na nyingine, na nyingine,
hadi bega lake likaligusa lile koti.

"Sasa?"