Kilomita ya Sita

Inawaka. Kiki ya pili, wakati mwingine ya kwanza,
moshi wa buluu unatanda mpaka kwa Havránek
na mkewe anafunga dirisha kwa kishindo:
"Drahomíra, kiuze hicho chuma!"
Si plagi, basi. Plagi nimeibadili, cheche ni nene.
Nashuka kilima cha kanisa, navuka reli,
nashika barabara ya Vizovice yenye miplamu pande zote,
Jawa ya baba inanguruma kama haijatimiza nusu karne,
halafu kilomita ya sita, palepale,
kwenye kituo cha basi chenye benchi lililovunjika,
inakohoa, inasita kama mtu aliyesahau jina,
inazimika.

Nangoja dakika kumi. Navuta sigara niliyoapa kuiacha.
Kiki moja: inawaka.
Kilomita sita nyingine.

Wiki nzima nimekesha nayo bandani.
Kabureta nimeifungua juu ya gazeti la Jumapili,
jeti kuu nimeinyanyua kwenye taa nikaliona tundu,
duara safi, dogo kuliko punje ya ulezi.
Boya nimelitikisa sikioni: kavu, halijanywa petroli.
Koki nimeing'oa, chujio lake likatema
kijiko cha kutu na bawa la mdudu.
Nikafurahi! Nikasema, mwizi ndiye huyu.
Nikarudisha kila kitu, nikakaza, nikafuta mikono,
nikapanda hata helmeti sijaifunga vizuri.

Kilomita ya sita.
Benchi lililovunjika.
Mtoto wa shule ananiuliza kama nami nangoja basi.

Mpira wa mafuta nimebadili. Mchanganyiko nimeupima upya,
oili moja kwa petroli thelathini na tatu,
kama alivyoandika mwenyewe kwa chaki ukutani
enzi za mkono wake wa kuandikia.

Baba hasemi tangu Februari.
Anakaa jikoni, mkono wa kulia umelala pajani
kama paka wa mtu mwingine.
Sikwenda kumuuliza. Nilikwenda kunawa,
nikabwaga vitu mezani bila kufikiri: spana, tambara,
mfuniko wa tangi, mwekundu,
alioupaka rangi yeye kiangazi kilichopita,
matabaka matatu, akinikataza hata kupiga chafya
vumbi lisije likashika.

Akanyoosha mkono wa kushoto.
Akaugeuza mfuniko, akautazama tumboni.
Nikadhani anaisifu kazi yake.
Akaupeleka mdomoni, akapuliza.
Mashavu yakajaa. Pumzi ikarudi.
Akapuliza tena, uso ukaiva,
akanikazia jicho lile lile
la nilipokuwa na miaka tisa na baiskeli ya kuazima.

Nikaelewa polepole, tone kwa tone:
tangi halitoi kitu bila kuvuta hewa,
na njia ya hewa ni katundu kamoja, upana wa sindano,
na katundu hako kamepakwa rangi.
Mimi nilikuwa nikitafuta uchafu chini.
Juu, petroli ilikuwa ikijivuta nyuma, ikining'inia,
haina pa kushukia, mpaka nikae kituoni na sigara yangu
hewa ijipenyeze kwa wizi pembeni mwa mpira.

Sindano ya mama, ile ya magodoro.
Nilisita. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono ule.
Akagonga meza kwa kidole: haya, haya.
Nikachoma. Gamba jekundu likaruka
likatua kwenye bakuli la sukari.
Akapuliza. Safari hii pumzi ikapita,
ikatoa mluzi mwembamba, na yeye akashtuka
akaupuliza tena, na tena, mpaka chai ikapoa.

Kesho yake nilikipita kituo bila kusimama.
Yule mtoto alinipungia mkono.
Kilomita ya kumi na nane, karibu na kiwanda cha mbao,
taa ya nyuma ikaanguka.