Kubomoa cha Zamani

Fundi Shaweji alisema saa mbili.
Alifika adhana ya adhuhuri ikilia,
begi la spana begani,
na kijana wa kumshikia tochi mchana kweupe.
Akautazama ukuta wa bafu
kama daktari atazamavyo ulimi,
akaguna.
Mguno ule, nilijua, una bei.

"Nani alikufanyia hivi, mama?"
Ndivyo wanavyoanza wote, Tandika hadi Tegeta:
fundi aliyetangulia siku zote ni mwizi.
Sikumjibu. Nikauliza ni kiasi gani.

Akachana boksi la sabuni,
akachomoa penseli sikioni, akaandika:

Elbo mbili za nusu inchi, elfu tatu.
Koki, ile nzito, elfu kumi na nane
("ipo ya elfu sita, lakini utaniita tena kabla ya Ramadhani").
Tepu nyeupe na gundi, nne na mia tano.
Saruji. Nikasema nusu mfuko unatosha;
nusu hawauzi, mama. Kumi na saba.
Bodaboda kwenda Gerezani na kurudi, elfu sita,
ingawa duka la kina Massawe lipo hapo kona,
bati lake naliona dirishani.
Kijana, elfu tano.
Ufundi, elfu arobaini.
Na chini kabisa, kwa herufi kubwa:
KUBOMOA CHA ZAMANI, ELFU KUMI NA TANO.

Nikasema ni nyingi.
Akasema, usipoziba ufa...
Nikamwambia methali hiyo niliisoma bure darasa la tatu,
asinitie kwenye hesabu.
Kijana akacheka, tochi ikacheza ukutani.
Tukashuka kwenye ufundi taratibu,
kama watu wanaoteremsha kabati ngazini:
thelathini na nane,
thelathini na tano, pumzika kidogo,
thelathini na mbili pamoja na chai.

Ule mstari wa mwisho sikuugusa.

Kwa sababu cha zamani
ni mpira wa ndani wa baiskeli
uliozungushwa kwenye bomba mara kumi na moja,
ukakazwa kwa waya wa antena.
Aliuzungusha Kibwana, bwana wangu,
usiku umeme umekatika,
kisimu cha tochi kati ya meno,
akilaani kwa pua kwa kuwa mdomo una kazi.
Hakuwa fundi. Alikuwa karani wa mizigo bandarini,
na kila alichokigusa kilipata sauti:
feni ikakohoa,
mlango ukataka bega,
kiti kile wageni tuliwaonya.
Miaka ishirini na mitatu nilimsema. Ita fundi!
"Fundi ni hela," naye ameshainama.
Mpira wake ulizuia maji miaka tisa,
minne ya mwisho bila yeye.

Shaweji akatoa kisu.
"Subiri," nikasema, "huo nautoa mwenyewe."
"Utalowa, mama. Koki ya juu haifungi."
Nayo ilikuwa kazi ya Kibwana.
Nikalowa.
Nikafungua waya, nikafungua mzunguko mmoja mmoja,
juu umepauka, umepasuka kama kisigino,
na ule wa kumi na moja, uliogusana na bomba,
bado mweusi, unanukia duka.

Hakuna aliyesema kitu. Kijana alizima tochi.
Shaweji akaukata mstari wa mwisho kwa penseli,
akafikiri,
akaandika pembeni: kusubiri, elfu mbili.

Nikatuma kwa simu elfu themanini na saba na mia tano,
na ya kutolea.
Koki mpya inafunga kwa kidole kimoja. Haisemi.

Akitoka alisimama sebuleni chini ya feni,
akaisikiliza,
akaguna.
Nikamwambia hiyo aiache.
Fundi ni hela.